Shangazi wa Miavuli Anakabidhi Funguo

Tarehe 30 Juni, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja, mratibu wa Dawati la Jinsia atafunga mlango wa chumba kilicho nyuma ya maktaba, atakabidhi funguo na kwenda zake nyumbani. Huko anangojwa na mumewe, fundi cherehani, ambaye ameahidiwa mara nyingi kwamba leo mkewe atawahi kurudi, na ambaye anasema safari hii ataamini akimwona mlangoni. Jina la mama huyu lililo kwenye mkataba wa kazi wengi wetu hatulijui. Wanafunzi humwita Shangazi, na walio wachokozi kidogo humwita Shangazi wa Miavuli. Huitikia yote mawili, ila hilo la pili huliitikia huku amekunja uso kwa makusudi.

Wahariri wa jarida hili walipouliza nani ataandika wasifu wake, mwandishi alinyanyua mkono kabla swali halijaisha. Sababu za haraka hiyo zitaonekana mbele. Kwa sasa tuanze na simu.

Shangazi aliajiriwa kama mpokea simu, zama ambazo chuo kizima kilikuwa na laini za kuhesabika na kila aliyepiga kutoka nje alikutana kwanza na sauti yake. Ilikuwa sauti ya kumtuliza mtu. Wazazi waliopiga wakiwa na hasira juu ya ada au matokeo walijikuta wakimuulizia hali ya watoto wake. Mzee mmoja alifunga safari kuja kumwona mwenye sauti ile, akamkuta mama mfupi mwenye miwani mikubwa, shavu limejaa karanga. Mzee akasema, "Samahani binti, namtafuta yule mrefu." Shangazi akamwambia yule mrefu yuko likizo.

Kwa kuwa meza yake ilikuwa jirani na lango kuu, kila kilichookotwa chuoni kiliishia kwake. Miavuli, vikokotoo, viatu vya upande mmoja, na meno ya bandia ambayo hadi leo hayajapata mwenyewe, jambo linalomfanya Shangazi ajiulize bwana yule alikula nini jioni ile. Uongozi ukaona bora umkabidhi rasmi kazi ya kutunza vitu vilivyookotwa. Hapo ndipo alipogundua kwamba mtu aliyekuja kuchukua mwavuli hakuwa na haraka ya kuondoka. Alisimama. Alisema jambo moja, kisha la pili, na la tatu likawa ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi.

Shangazi hakutaka kuwa mtu wa kusema pole tu. Alijiandikisha masomo ya jioni ya ushauri nasaha, akayasoma mpaka akahitimu, huku wanawe wawili wa kiume wakijifunza kupika kwa lazima. Leo wote wawili wanapika vizuri kuliko mama yao. Mumewe anathibitisha, ila anaomba asinukuliwe.

Basi chuo kikaanzisha Dawati la Jinsia, mahali ambapo mwanafunzi au mfanyakazi aliyeguswa, kutishwa au kudhalilishwa kingono angeweza kupeleka malalamiko na kupata msaada. Shangazi akateuliwa kuliongoza. Ofisi ikawekwa jengo la utawala, kwenye korido kuu, karibu na dirisha la kulipia ada. Nje kulikuwa na benchi la kungojea, na juu ya benchi bango lenye maandishi mekundu ambayo hata mwenye mtoto wa jicho angeyasoma. Sherehe ya uzinduzi ilifana, keki ilikatwa.

Muhula mzima hakuja mtu, isipokuwa bwana mmoja aliyekuwa akiulizia choo. Kwenye kikao cha uongozi taarifa ilipokelewa kwa furaha: hakuna malalamiko, maana yake hakuna tatizo. Shangazi hakufurahi hata kidogo. Siku iliyofuata alitoka ofisini kwake, akakaa mwenyewe kwenye lile benchi mchana kutwa. Aliporudi alikuwa na jibu. Kila aliyepita alisoma bango kwanza, halafu akamtazama usoni aliyekaa chini yake, halafu akamnong'oneza mwenzake. Mama mtu mzima, mwajiriwa, mwenye kitambulisho shingoni, alijisikia kutaka kuzama ardhini. Sembuse msichana wa mwaka wa kwanza.

Alipopeleka hoja ya kuhama, afisa mmoja alisema wanafunzi waache woga, kwani mficha uchi hazai. Shangazi akamjibu kwamba methali ni ya kweli, ila yeye hajawahi kumwona mtu anayejifungulia barazani. Kikao kiliangua kicheko, na katika kicheko hicho akapewa chumba alichokitaka, kwa vile hakuna mwingine aliyekitaka: stoo ya vitu vilivyookotwa, nyuma ya maktaba.

Wanaokijua chumba hicho wanakijua vizuri. Mbele kuna kaunta na rafu za miavuli, chupa za maji, mabegi na yale meno. Nyuma ya rafu kuna pazia zito la kijani alilolishona mumewe, na nyuma ya pazia viti viwili, birika la umeme, na mlango wa pili unaotokea upande wa zahanati. Nje hakuna benchi, na bango linasema tu: Vitu Vilivyookotwa. Kila mwanafunzi mpya huambiwa na Shangazi mwenyewe, wiki ya kwanza, kwamba Dawati la Jinsia limo humo humo. Uzuri wake ni kwamba anayeingia anaweza kuwa amepoteza shuka au amepoteza raha, na aliye nje hawezi kujua.

Akaongeza utaratibu mmoja ambao umekuwa kitambulisho chake. Hakuna anayetoka mle mikono mitupu. Ukimaliza kuzungumza, Shangazi anakupa mwavuli, unatoka nao, unaurudisha siku nyingine. "Mkono mtupu haulambwi," husema, na hata aliyekuwa analia hucheka. Ndiyo maana mgeni akitembelea chuo chetu wakati wa jua kali huona vijana wawili watatu wakipita na miavuli, akadhani wana habari za mvua ambazo yeye hajazisikia.

Utaratibu huu uliwahi kumwingiza Shangazi kwenye mkasa ambao hatuwezi kuuacha. Siku moja ya mvua aliingia mkuu wa kitivo cha sheria, mtu mzito wa mwili na wa cheo, akiwa amelowa chapachapa. Alikuwa amepoteza mwavuli wa tatu mwaka ule, zawadi ya mkewe kama miwili iliyotangulia. Kwa aibu aliinama kwenye kaunta na kusema kwa sauti ya chini kwamba amekuja kwa jambo la kumfedhehesha kidogo, na kwamba asingependa lifike nyumbani. Shangazi hakusubiri zaidi. Alimshika kiwiko, akampitisha kwenye pazia, akamkalisha, akampa maji na kitambaa, akamwambia achukue muda wake, aanze popote, na kwamba lililotokea si kosa lake.

Mheshimiwa alijaribu kueleza. Lakini ni miaka mingi hakuna aliyekuwa amemuuliza hali yake na kunyamaza kungoja jibu. Neno mwavuli halikufika mdomoni. Badala yake alizungumza habari za mama yake mzazi, aliyekuwa mgonjwa na ameanza kumsahau, akazungumza mpaka mvua ikakatika. Akatoka na mwavuli wa mtu mwingine. Kesho yake alirudi kuulizia wake, na hapo wote wawili wakacheka mpaka mkutubi akaja kuwanyamazisha. Kisa hiki mkuu mwenyewe amekisimulia katika hafla tatu tofauti, na ndiye aliyetuomba tukiandike. Tangu siku ile alijua kwa ngozi yake kile kiti cha nyuma ya pazia ni kiti cha namna gani, na kujua kwake kulikuja kuwa na faida kubwa.

Visa vya watu waliopita kwenye pazia hatuvijui, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa Shangazi, habari ya mtu ni mali ya mtu, naye ndiye anayeamua nani aisikie na lini. Tunasimulia kimoja tu, kwa sababu mwenyewe ametoa ruhusa.

Asubuhi moja aliingia msichana wa mwaka wa mwisho, mwanafunzi wa kemia, akaweka koti la maabara juu ya kaunta. Hakuliokota popote. Lilikuwa lake. Akasema huenda kuna mtu litamfaa, kwani yeye anaacha chuo. Shangazi hakumuuliza kulikoni, wala hakumhubiria thamani ya elimu. Alilikunja koti, akalifunga kikaratasi, akaandika: Mwenyewe atarudi. Halafu akauliza kama angependa chai. Msichana alikataa chai, akatoka haraka. Mwavuli lakini alipewa, akaupokea bila kufikiri.

Mwavuli ndio uliomrudisha. Baada ya siku chache alikuja kuurejesha, kwa kuwa alilelewa na mama asiyependa kukaa na cha mtu, na safari hii chai aliikubali. Akaeleza. Msimamizi wake wa utafiti, mhadhiri maarufu aliyekuwa akiuchekesha ukumbi mzima, alikuwa amemshika pasipostahili kwenye stoo ya kemikali, zaidi ya mara moja, kisha akamtumia ujumbe kwamba kazi yake haitatiwa sahihi ofisini, itatiwa sahihi hotelini. Msichana aliona ana njia mbili: aende hotelini, au aende nyumbani bila shahada. Alikuwa amechagua nyumbani.

Shangazi alimwambia, "Nakuamini." Neno hilo moja, baadaye msichana alisema, lilimfanya apumue kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Kisha akamfafanulia kwamba njia ni nyingi kuliko mbili. Anaweza kuja kuzungumza tu, basi. Anaweza kupitia mlango wa pili mpaka zahanati. Anaweza kupeleka malalamiko kwenye kamati ya nidhamu, au polisi, au kote. Anaweza kuanza na moja leo na kuacha nyingine hadi atakapokuwa tayari, na akibadili mawazo hakuna atakayemkasirikia. Ila zile jumbe za simu asizifute, hata kama hataki kuziona tena.

La kwanza alilochagua lilikuwa dogo: abadilishiwe msimamizi bila kuulizwa sababu. Shangazi alilipata jambo hilo jioni ile ile, na hatujui alimwambia nini mkuu wa idara, ila mkuu wa idara bado humsalimia kwa heshima isiyo ya kawaida. La pili lilichukua muda. Ilibidi kwanza mama yake msichana ajue.

Mama mtu alikuja amefura. Ya nini mwanangu ajianike? Nani atamuoa? Si bora yaishe kimyakimya, amalize masomo, atoke? Na kwa kweli hakuwa peke yake, kwani hata ndani ya utawala walikuwemo waliotaka tufunike kombe mwanaharamu apite. Shangazi alimsikiliza yule mama mpaka akaishiwa, akamwongezea sukari kwenye chai. Ndipo akasema, "Dada yangu, kombe limefunikwa miaka mingi hapa. Mwanaharamu hapiti. Amehamia." Mama akamaliza chai yake. Baadaye akamuuliza bintiye, kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe anataka nini. Binti akasema anataka koti lake.

Kesi ilikwenda kwenye kamati ya nidhamu, na mwenyekiti wa kamati hakuwa mwingine ila mkuu wa kitivo cha sheria. Mila ya kamati hiyo ilikuwa kuwakalisha mlalamikaji na mlalamikiwa uso kwa uso, waulizane. Shangazi alipinga, na mwenyekiti akamwelewa kabla hajamaliza sentensi. Msichana alitoa maelezo yake katika chumba kingine, akiwa na mtu wa kumsindikiza aliyemchagua mwenyewe, na maswali yote yakapitia kwa mwenyekiti. Shangazi alisema kuwa hakuna upendeleo hapo: mhadhiri naye alipewa nafasi yake yote ya kujitetea, na aliitumia kwa ufasaha mkubwa.

Nje, wapenzi wa mhadhiri walieneza kwamba msichana anatafuta alama za bure. Siku ya kikao mama yake alikuja amevaa nguo yake ya harusini, ile ya kuwekwa kabatini, akakaa koridoni kidete, na kila aliyepita akinong'ona alimsalimia kwa sauti kubwa mpaka akaona haya. Minong'ono hiyo hiyo iliyokusudiwa kumvunja msichana iliwafikia wengine waliokuwa wamenyamaza. Mmoja alikuwa ameshahitimu na kuajiriwa mbali. Mwingine alikuwa darasa la chini yake. Kila mmoja aliingia stoo kwa wakati wake, kila mmoja akidhani yuko peke yake, na kila mmoja alikuwa na ujumbe wenye jina la hoteli ile ile. Wote wawili walikubali kutoa ushahidi.

Mhadhiri alifukuzwa kazi. Utafiti wa msichana ulisahihishwa na mtahini kutoka nje ya chuo, asiyemjua wala kujuana na mtu, akaupa daraja la kwanza. Siku matokeo yalipobandikwa, chuo hiki kilisikia vigelegele kutoka nyuma ya maktaba, na safari hii mkutubi hakwenda kumnyamazisha mtu. Alikuwa mmoja wa wapigaji.

Msichana alikwenda kaunta kudai koti. Hapo Shangazi alifanya uchokozi ambao yeye peke yake angeuweza. Alivaa miwani, akasimama rasmi, akasema utaratibu ni utaratibu: anayedai kitu ataje alama zake. Msichana akataja. Koti jeupe, doa la wino mfuko wa kushoto, kifungo cha pili hakipo. Alianza kwa kucheka na kumaliza kwa kulia, na Shangazi naye, aliyekuwa amekataa kuligawa koti hilo kila muhula mtunza stoo mkuu wa chuo alipokuja na fagio lake la kusafisha rafu, alilia bila kuvua miwani.

Baada ya kesi ile mambo yalibadilika, na hayakubadilika yenyewe. Milango ya ofisi za wahadhiri iliwekewa vioo. Kamati ilipewa muda wa mwisho wa kutoa uamuzi, ili kesi isife kwa uzee. Wanafunzi wa kiume walianza kuja pia, kwani Shangazi alikuwa amewaambia waziwazi kwamba maumivu hayaulizi wewe ni kaka au dada. Vyuo vingine vimetuma watu kuja kutazama chumba chetu, wakatarajia jengo, wakaonyeshwa pazia.

Tusimpambe kupita kiasi, maana hapendi. Si kila kesi ilishinda. Wapo walioondoka chuoni kabla hajawafikia, na kwenye rafu ya juu kabisa kuna kilemba cha zambarau chenye kikaratasi kama kile cha koti, ambacho mwenyewe hajarudi. Shangazi hukikung'uta vumbi kwa mkono wake. Amemwachia maagizo dada anayepokea ofisi, aliyefundishwa naye kwa miaka mingi: vitu vyote vigawiwe kufuata kanuni, hata meno akitokea mtu ambaye yatamtosha, lakini kilemba kisiguswe.

Sasa kuhusu ile ruhusa ya kusimulia. Haikuwa ngumu kuipata. Mwandishi wa wasifu huu ni mkuu wa maabara ya kemia ya chuo hiki, na ile stoo ya kemikali, ambayo sasa ina dirisha pana na haifungiki kwa ndani, funguo zake ninazo mimi. Miaka yote hii wenzangu mliokuja baada ya kesi hamkujua, kwa kuwa Shangazi hakumwambia mtu, hata mumewe, hata pale nilipoajiriwa na kukaa naye meza moja kantini kila siku. Aliitunza habari yangu mpaka mimi mwenyewe nilipoihitaji. Leo nimeihitaji, ili mjue tunamuaga nani. Mama yangu naye atakuwepo kwenye hafla, na ameshaitoa ile nguo kabatini.

Ahsante, Shangazi, kwa niaba ya wote walioingia kwako wakitafuta kitu na kutoka nacho, pamoja na wale ambao hawataki kutajwa kamwe. Kanywe chai ya mumeo ikiwa bado ya moto, wanao wakupikie, wajukuu wakuchoshe, na Mungu akupe miaka mingi ya kutopokea simu ya mtu yeyote. Jumatatu nitafungua maabara kama kawaida. Koti ni jeupe, lina doa la wino mfuko wa kushoto, kifungo cha pili hakipo. Mwenyewe alirudi.